Nani Alipe Pesa Iliyopotea?

Kuna kanuni mbili ambazo kila mtu anayeshika pesa za wenyewe anazijua, hata kama hajawahi kuziandika popote. Ya kwanza: pesa haitoki hewani. Ya pili: pesa haipotelei hewani. Mama mboga anazijua. Mweka hazina wa chama anazijua, na akijifanya amezisahau, wanachama watamkumbusha siku ya mkutano.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma kuhusu watu waliojaribu kuzithibitisha kanuni hizo kwa hisabati, vile mwalimu alivyokuthibitishia kwamba pembe za pembetatu zinajumlika kuwa digrii 180. Hawakutaka tu kujaribu mfumo mara elfu na kusema "uko sawa, haujaanguka." Walitaka uthibitisho. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo hakuna wa kunipa maksi kwa kazi hii. Nimeisoma kwa sababu inagusa swali ambalo limenikaa kichwani: pesa ikipotelea ndani ya mashine, nani anapaswa kulipa?

Story yenyewe iko Uingereza, na vipande vyake vitatu vinakutana katika mwaka mmoja, 1999. Lakini turudi nyuma kwanza, manake hao watu wa 1999 walikuwa na mababu.

Daftari lenye pande mbili

Mwaka 1494, katika mji wa Venice, mtawa Mfransisko aliyeitwa Luca Pacioli alichapisha kitabu kinene cha hisabati. Ndani yake kulikuwa na sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka hesabu. Kila muamala uliandikwa mara mbili, pale pesa ilipotoka na pale ilipoingia. Mwisho wa yote unajumlisha pande mbili. Zisipotoshana, kuna kosa mahali, na huendi kulala.

Pacioli hakubuni mtindo huo. Wafanyabiashara walikuwa wakiutumia kabla yake, yeye aliuandika ukaenea. Lakini angalia kilichomo: ni kanuni zetu mbili, zimegeuzwa kuwa utaratibu wa karatasi. Huhitaji kumwamini karani. Unaamini jumla.

Daftari lilikuwa na udhaifu mmoja tu ambao haukumsumbua mtu kwa karne nyingi. Lilichukulia kwamba mwandishi atamaliza kuandika. Karani akiandika upande mmoja halafu aitwe nje, atarudi amalizie. Kompyuta haina uhakika huo. Stima inaweza kupotea katikati ya mistari miwili, na pesa ikabaki imetoka upande mmoja bila kuingia mwingine.

Hilo ndilo tatizo ambalo kizazi cha wahandisi wa miaka ya 1970 na 1980 kilikaa nalo. Mmarekani Jim Gray alilieleza vizuri katika andiko la 1981 kuhusu dhana ya muamala: kazi yote ifanyike, au isifanyike hata kidogo. Hakuna nusu. Kila unapotuma pesa na kuona ujumbe kwamba muamala umeshindikana na salio lako halijaguswa, unakula matunda ya wazo hilo.

Wakati huohuo, upande wa Oxford, kulikuwa na watu waliokuwa wakiuliza swali la kitoto kidogo: unajuaje kwamba programu inafanya unachotaka, kama hujawahi kusema unachotaka bila utata? Maneno ya kawaida yana mianya. "Mfumo utahifadhi pesa ya mteja salama" ni sentensi ambayo mawakili wawili wanaweza kuipigania mwaka mzima. Ndipo ikatokea lugha iitwayo Z, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Raymond Abrial mwishoni mwa miaka ya 1970 na kukuzwa na watafiti wa Oxford. Z si lugha ya kuandikia programu. Huwezi kuiendesha kwenye kompyuta. Ni lugha ya kusema, kwa seti na mantiki, kitu gani lazima kiwe kweli kabla ya tendo na kitu gani lazima kiwe kweli baada yake.

Ukidhani hayo ni mambo ya wasomi kujifurahisha, kuna CICS. Hiyo ni programu ya IBM inayopitisha miamala kwenye kompyuta kubwa, na benki ni kati ya wateja wake wakuu. Katika miaka ya 1980, wahandisi wa IBM kule Hursley, kusini mwa Uingereza, waliandika upya sehemu za CICS wakitumia Z wakishirikiana na Oxford. Mwaka 1992 pande hizo mbili zilipewa tuzo ya teknolojia ya Malkia kwa kazi hiyo. Kwa hivyo kufikia miaka ya 1990, benki ya Uingereza haikuwa na haja ya kuuliza kama mbinu hizi zipo. Zilikuwepo, na tuzo zilikuwa ukutani.

Pochi yenye mahali pa kuandika hasara

Mwaka 1990, watu wawili ndani ya benki ya NatWest, Tim Jones na Graham Higgins, walibuni kitu kilichoitwa Mondex. Ilikuwa kadi yenye chipu, lakini si kama kadi yako ya benki. Kadi ya benki ni ufunguo tu, pesa iko kwenye sava. Mondex ilibeba pesa yenyewe ndani ya chipu. Wewe na mimi tungeweza kuhamishiana pesa, kadi kwa kadi kupitia kijidude kidogo, bila benki kuulizwa. Julai 1995 ilianza kutumika kwa majaribio katika mji wa Swindon, na baadaye ikajaribiwa kwingine, kama Guelph kule Kanada na Hong Kong.

Hebu fikiria hatari iliyokuwepo. Kama hakuna sava inayojumlisha, na mtu apate mwanya wa kujiongezea pauni kumi kila akichomoa kadi kwa wakati fulani, nani atagundua? Hiyo ni noti bandia ambayo haiwezi kutofautishwa na halisi. Kwa hivyo NatWest ikalenga ngazi ya juu kabisa ya ukaguzi wa usalama wa Ulaya wakati huo, E6. Ngazi hiyo haikubali neno lako. Inadai hisabati.

Kazi ikafanywa na Susan Stepney na David Cooper wa kampuni ya Logica, pamoja na Jim Woodcock wa Oxford. Waliandika mfumo mara kadhaa kwa lugha ya Z. Juu kabisa kuna picha rahisi: pochi mbili, pesa inahama mara moja, hakuna nusu. Chini kuna picha ya jinsi mambo yalivyo: ujumbe unaosafiri kati ya kadi, ujumbe unaoweza kupotea, mtu anayeweza kuchomoa kadi wakati wowote. Halafu wakathibitisha kwamba ile ya chini, na fujo zake zote, haiwezi kamwe kufanya jambo ambalo ile ya juu haikuruhusu. Uthibitisho huo, uliofanywa kwa mkono, ulijaza takriban kurasa 200.

Kilichonikamata ni jambo dogo katika ile picha ya juu. Kila pochi ina namba mbili. Moja ni salio. Nyingine inaitwa "iliyopotea."

Soma tena. Watu waliolipwa kuthibitisha kwamba pesa iko salama walianza kwa kuandika, mstari wa juu, kwamba pesa itapotea. Hawakuahidi kwamba haitapotea, manake hawangeweza. Kama pochi yako imeshakatwa na ujumbe wa kubeba thamani ukapotelea njiani, hakuna hisabati ya kuurudisha. Walichothibitisha ni hiki: salio za pochi zote kwa jumla haziongezeki, na ukijumlisha salio zote na zote zilizopotea, jibu halibadiliki. Pesa inaweza kupotea. Haiwezi kupotea bila kuandikwa.

Na jinsi ilivyoandikwa ni rahisi kiasi kwamba inakera. Muamala ukikatika mahali pa hatari, kadi husika inajiandikia kumbukumbu. Ukileta kadi zote mbili benki, unalinganisha. Kama mtumaji amelalamika na mpokeaji pia amelalamika, pesa ilipotelea kati, rudisha. Kama mtumaji peke yake ndiye aliyelalamika, pesa ilifika, na kilichopotea ni ile risiti ya kusema "nimepokea." Kila muamala pia una namba yake, ili ujumbe uleule ukija mara mbili usihesabiwe mara mbili.

Katika safari hiyo uthibitisho ulikwama mahali. Sehemu moja ya pembeni ya utaratibu ilikataa kuthibitishika, na walipochimba wakakuta kwamba ilikuwa na kasoro kweli. Ikarekebishwa. Mwaka 1999 Mondex ikapata cheti chake cha E6.

Halafu ikafa. Watu hawakuitaka. Sarafu mfukoni zilikuwa zikifanya kazi vizuri na kadi ya kawaida ilikubaliwa kwingi. Mwaka 2006 watafiti wa nchi kadhaa waliirudia kazi ya Mondex, safari hii kompyuta zikikagua uthibitisho mstari kwa mstari, na hoja kuu ilisimama. Ni kama kukagua nyumba imara sana isiyo na mpangaji.

Mfumo wenye wapangaji wengi

Mwaka huohuo wa 1999, Posta ya Uingereza ilianza kusambaza mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliojengwa na ICL, kampuni iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Posta nyingi za kule si ofisi za serikali zenye makarani walioajiriwa. Ni vibanda vya watu binafsi, mara nyingi ndani ya duka la mtaa, wenye mkataba wa kutoa huduma: stempu, pensheni, kuweka na kutoa pesa za benki. Kabla ya Horizon, hesabu zilifungwa kwa karatasi, kwa mtindo wa mjukuu wa Pacioli. Baada ya Horizon, mashine ilisema ni kiasi gani kinapaswa kuwa kwenye droo.

Mashine ikaanza kusema vitu vya ajabu. Jo Hamilton, aliyekuwa na posta kijijini South Warnborough, aliona pengo la zaidi ya pauni 2,000, akapigia laini ya msaada, akafuata maelekezo, na pengo likaongezeka maradufu akitazama. Mwaka 2015, kwenye toleo jipya la mfumo huo, posta ya Dalmellington kule Uskoti ilikuwa ikihamisha pauni 8,000 taslimu. Skrini ikaganda. Kitufe kikabonyezwa tena na tena, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kila mbonyezo uliandikwa kama uhamisho mpya, hadi pauni 8,000 zikawa 32,000. Ujumbe uleule ulihesabiwa mara nne. Kosa ambalo kadi ya plastiki ya Swindon ilikuwa imethibitishwa haiwezi kulifanya.

Mwaka 1998, kabla Horizon haijasambazwa, ripoti ya ndani ya ICL ilikuwa imelalamika kuhusu ubora wa programu. Ilitoa mfano wa kipande cha kugeuza namba chanya iwe hasi. Badala ya kuweka tu alama ya kutoa mbele, programu ilichukua namba na kuiondolea mara mbili yake: tano toa kumi, ndio upate hasi tano. Jibu linatoka sawa. Lakini ukikuta fundi amejenga mlango hivyo, utataka kuangalia paa.

Wenye posta hawakujua hayo. Walijua pengo, na walijua kwamba Posta ilikuwa ikisoma mkataba kwa namna moja: pengo ni lako, lipa. Wengi walilipa kutoka mfukoni, wakauza, wakakopa kwa jamaa. Wengi walisimulia kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye shida na mfumo. Wengine wakapelekwa kortini. Seema Misra wa West Byfleet alifungwa miezi 15 mnamo Novemba 2010 kwa pauni 74,000 ambazo hakuiba. Alikuwa mjamzito, na siku hiyo mwanawe alikuwa anatimiza miaka 10.

Kwa jumla zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Alan Bates, aliyepoteza posta yake huko Wales, aliwakusanya wenzake, na watu 555 wakaishtaki Posta. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kusababisha mapengo yale, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kubadilisha hesabu za posta bila mwenyewe kujua. Aprili 2021 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu 39, ya Seema Misra ikiwemo. Mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta nyingine kwa pamoja. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai.

Kipande cha tatu

Swali la kawaida hapa ni: korti ziliaminije? Jibu ndilo kipande cha tatu cha 1999.

Hadi wakati huo, sheria ya Uingereza ya 1984 ilikuwa na kifungu cha 69. Kilisema kwamba ukitaka kumtia mtu hatiani kwa rekodi ya kompyuta, sharti uonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mawakili walikilalamikia. Waliona kinasumbua, kompyuta ziko kila mahali, nani ataleta fundi kila kesi? Mwaka 1999 bunge likakifuta, na mwaka uliofuata kikaacha kutumika. Kuanzia hapo korti ikachukulia kwamba mashine iko sawa mpaka anayeshtakiwa aonyeshe vingine.

Yaani nchi moja, mwaka mmoja. Chumba kimoja kinatoa cheti kwa watu waliotumia kurasa 200 kuonyesha kwamba hata mfumo mzuri unapoteza pesa na lazima uandike hasara hiyo. Chumba cha pili kinafungua mfumo ambao mwenye posta akiona pengo hana kumbukumbu anayoweza kuifikia ya kulieleza. Na chumba cha tatu kinaamua kwamba tangu leo tutaamini mashine.

Sisemi lugha ya Z ingeiokoa Horizon. Uthibitisho wa hisabati unahusu mfumo ulioandikwa kwenye karatasi. Haujui kama fundi alijenga kilichoandikwa, haujui bosi anayeficha ripoti, haujui mkataba. Mondex ilikuwa kitu kidogo chenye kazi moja, na Horizon ilikuwa dude kubwa lenye kazi mia. Lakini kuandika mfumo kwa namna ile kunakulazimisha kujibu swali moja mapema, ukiwa umetulia, kabla hakuna mtu wa kulaumu: pesa ikipotea, itaandikwa wapi? Usipoliacha nafasi ndani ya mfumo, halitakosa mahali pa kwenda. Litaenda kwa mtu, na kawaida ni yule aliyekaa karibu zaidi na droo.

Huku kwetu

Nilipoacha chuo nilikaa karibu mwaka mmoja kwenye kibanda cha wakala wa pesa, kwa mwajiri ambaye sitamtaja. Kila jioni hesabu ni moja: pesa taslimu jumlisha floti, jibu lazima lilingane na mtaji wa asubuhi. Nilikuwa nikitumia kanuni ya pili ya Mondex bila kujua ina wenyewe. Siku ambazo mtandao ulikuwa ukikwama kwama, mteja anasema ujumbe haujaingia, simu ya kazi inasema imetoka, laini ya huduma inasema subiri. Jibu lisipotosha, shilingi zilizopungua zilikatwa kwa mshahara wangu. Hakuna aliyeuliza rekodi ya upande wa pili inasema nini. Mimi sikuwa na njia ya kuiona.

Nikisoma kuhusu wenye posta wa Uingereza, huo ndio mlango nilioingilia. Sikufungwa na sikuuza nyumba, sina nyumba. Lakini umbo la jambo ni lilelile: mashine inasema, mwenye mashine ana rekodi zote, na wa chini analipa kwanza kisha analalamika.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi tunacho na Waingereza walikitupa. Kifungu cha 106B cha Sheria yetu ya Ushahidi kinadai kwamba rekodi ya kompyuta ikiletwa kortini, pamoja na masharti mengine, kompyuta iwe ilikuwa ikifanya kazi sawasawa wakati ule, na kuwe na cheti kilichosainiwa na mtu anayehusika na mtambo. Najua mawakili wengi wanakiona kama karatasi ya kujaza tu. Mimi nikiona neno "sawasawa" sasa nataka kuuliza maswali ya Swindon. Ujumbe ukija mara mbili, mfumo unafanya nini? Pesa ikikatika njiani, inaandikwa wapi? Nani mwingine anaweza kuingia na kubadilisha? Na je, anayedaiwa anaweza kuona kumbukumbu za pande zote mbili, alinganishe mwenyewe?

Haya si maswali ya mtu mwenye digrii. Aliyefunga hesabu ya kibanda saa mbili usiku, na mvua inanyesha, na shilingi 1,500 hazionekani, anaweza kuyauliza yote. Kinachotakiwa ni mtu wa upande ule mwingine alazimike kuyajibu kabla ya kuanza kukata mshahara.